Siku Nilipomfanya Baba Mkwe Wangu Jasusi

Kazi yangu ni kupiga video za arusi. Nina chumba kimoja mtaa wa Asiatique, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na humo ndimo zilimo kompyuta yangu, taa zangu na kiti kimoja cha mgeni. Kiangazi kikiingia sipati hata nafasi ya kunyoa ndevu. Jumamosi moja naweza kukimbizana na arusi tatu. Lakini mvua zikianza watu wanaacha kuoana, maana hakuna bibi arusi anayetaka kuburuta gauni jeupe kwenye matope. Miezi hiyo nakaa tu, nafuta vumbi kwenye lenzi zisizo na vumbi.

Ilikuwa jioni moja ya mvua za namna hiyo. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemaliza kusahihisha madaftari, tukakaa kutazama sinema. Ilikuwa moja ya zile sinema za jasusi wa Kizungu ambazo zimekuwa zikitoka tangu kabla sijazaliwa. Jasusi mwenyewe hazeeki. Wakiona amechoka wanamletea sura nyingine, suti inabaki ileile. Alikuwa ameruka kutoka kwenye ndege bila kukunja shati, mke wangu akasema:

"Uyu mutu angekuwa amestaafu zamani. Saa hii angekuwa amepanga mustari kwa biro ya wastaafu."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye naye akaendelea, kwamba jasusi amefika dirishani pa ofisi hiyo ya pensheni, amepeleka karatasi zake, karani anamwambia alete cheti cha kuonyesha kuwa yuko hai. Sasa atakipata wapi, na katika kila sinema serikali yake ilitangaza kwamba amekufa? Chai ya pili haijaisha, tayari tulikuwa na hadithi nzima. Adui wa dunia ndiye karani wa dirisha. Silaha yake ni neno moja, "kesho". Jasusi ana kalamu ya ajabu, ambayo ajabu yake ni kwamba inaandika. Ana mwavuli wa siri, nao unazuia mvua. Kamera ninayo, taa ninazo, kazi sina.

"Lakini jasusi tumutoe wapi?" niliuliza. "Anatakiwa awe mzee, mwenye suti, asiyecheka."

Mke wangu aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Baba."

Baba yake alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliwabeba wakubwa wa kila aina, wakaongea kila kitu nyuma ya shingo yake, na hakuna mtu hata mmoja, nyumbani au msikitini, aliyewahi kusikia kutoka kwake wakubwa wale walisema nini. Masikio alikwenda nayo kazini, mdomo aliuacha gereji. Tangu astaafu, kila asubuhi anavaa shati na tai, anakaa barazani kwake Musaga na kutazama barabara. Akiona gari limebadilishwa gia vibaya anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

Na sinema zile za jasusi alizipenda. Mke wangu alikulia miguuni pake akizitazama kwenye televisheni ndogo. Baba yake hakuziona kuwa mchezo. Aliona ndani yake kazi inayofanana na yake, suti, gari na siri.

"Sawa," mke wangu alisema, "lakini umwambie wazi kwamba ni ya kuchekesha. Baba apendi kudanganywa."

Niliahidi. Jumapili tukapanda basi mpaka Musaga. Mama mkwe alitupokea kwa juisi ya marakuja, yaani pasheni, akaingia jikoni na binti yake, nami nikabaki barazani na mzee. Wanaojua heshima ya ukwe kwetu wataelewa hali yangu. Katika miaka minne ya ndoa sikuwahi kukaa kiti kimoja na mtu yule, wala kumtazama machoni zaidi ya ilivyo lazima. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani. Nilipofungua mdomo, yalitoka mengine.

"Baba, tunataka kutengeneza sinema. Sinema ya jasusi. Tumefikiri, kama utakubali, wewe ndiye uwe jasusi."

Aliacha kutazama barabara. "Mi?"

"Ndiyo, Baba."

"Jasusi mukubwa, ao mudogo?"

"Mkubwa, Baba. Yeye mwenyewe."

Nilimpa karatasi tulizoandika. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye habari ya cheti cha kuonyesha uko hai, kidole kilisimama.

"Hii nani amewaambia?"

"Hakuna mtu, Baba. Tumebuni tu."

Alikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Nitafanya," alisema. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema kwamba ni ya kuchekesha. Sikusema. Nilijiambia nitamwambia siku ya kwanza ya kupiga picha. Siku ile ikafika nikajiambia nitamwambia ya pili.

Adui wa dunia aliigizwa na fundi wa magari wa Buyenzi, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu nilipooa. Gereji yake ilitufaa sana. Hadithi yetu ilikuwa na kufukuzana kwa magari, maana sinema ya jasusi bila hilo ni kama pilau bila nyama, lakini kwa uhaba wa mafuta uliokuwepo nani angetupa hata lita moja? Basi tukaamua wafukuzane kwenye foleni ya mafuta. Uani kwa fundi palikuwa na magari mabovu kumi na kitu, tayari yamepangana moja nyuma ya jingine. Adui alikuwa kwenye gari la mbele, jasusi kwenye la nyuma yake, na kila baada ya muda vijana wa gereji wanayasukuma yote hatua mbili. Jasusi anamkodolea adui macho, adui anamtazama kwenye kioo, mwanamke anapita katikati akiuza karanga. Wote wawili wananunua.

Shida yangu ilikuwa kutoa amri. Msimamizi wa sinema anapaswa kupiga kelele, simama, kimbia, anguka. Mimi nilikuwa naongea na baba wa mke wangu. Nikajikuta nasema, "Baba, Mungu akijalia, tungeomba ukasirike kidogo." Au, "Baba, kama magoti yanaruhusu, pale kwenye ndoo ndipo tungependa uanguke, lakini si lazima." Fundi alikuwa anauma kola ya shati lake asicheke.

Mzee hakuona cha kuchekesha. Gari liliposukumwa, alishuka akafunga koti, akaweka bega mlangoni, akaelekeza usukani kwa mkono mmoja kama mtu anayejua. "Hata sisi tulisukuma," aliniambia baadaye, "na mukubwa yuko ndani." Kulikuwa na kipande ambacho jasusi anatakiwa kumtambua mwenzake kwa neno la siri. Neno lenyewe ni "Amakuru?" na jibu ni "Ni meza", yaani habari na nzuri, salamu ya kila mtu wa mji huu. Kwa hiyo kila anayemsalimia anajibu sawasawa, naye anagawa bahasha za siri kwa muuza karanga, kwa fundi wa baiskeli, kwa bibi mmoja aliyekuwa anapita tu na hakujua kama kuna kamera. Mzee aligawa bahasha zile kwa uso wa mtu anayekabidhi roho za watu. Bibi yule mpita njia alipokea yake kwa mikono miwili, akaondoka nayo. Hatukuiona tena.

Halafu ikaja siku ya kuku. Katika sinema zile adui mkubwa hukaa kitini akipapasa paka mweupe. Paka mweupe hatukumpata, na fundi alisema paka wa Buyenzi hawapapasiki. Tukachukua kuku wa mke wake. Fundi alikaa nyuma ya meza, kuku mapajani, dirisha la karani likiwa limetengenezwa kwa kreti za soda. Jasusi amesimama mbele yake na karatasi zake. Fundi akaanza maneno ya vitisho: "Mzee, hapa hatutazami kama unapumua, tunatazama karatasi." Katikati ya maneno hayo kuku akasimama, akajikunyata, akataga yai mapajani pake.

Fundi aliganda. Mimi nyuma ya kamera niliganda. Mzee peke yake hakuganda. Alinyoosha mkono kupitia dirishani, akalichukua yai, akaligeuza kwenye mwanga, akalitia mfuko wa koti.

"Hii itafika makao makuu," alisema. "Ni ushahidi."

Nililazimika kuweka kamera chini na kwenda nyuma ya gari bovu. Nilicheka huko nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Niliporudi mzee aliniuliza kwa upole, "Mukwe, fundi anaumwa na tumbo? Naona anatetemeka."

"Kidogo, Baba," nilisema.

Usiku huo mke wangu aliniuliza kama nimeshamwambia. Nikasema bado. "We unamuogopa kuliko unavyomupenda," aliniambia, akageukia ukutani.

Tulimaliza kwa wiki tano. Mwenye ukumbi mmoja wa arusi, ambaye naye mvua zilikuwa zimemkausha, alitupa ukumbi wake Jumapili baada ya adhuhuri. Tulifunga mapazia, nikatundika kitambaa cheupe, watu wakajaa viti vya plastiki mpaka wengine wakasimama. Mzee alifika na suti aliyoipiga pasi mwenyewe. Hakuja peke yake. Alikuwa ameleta wazee watatu, madereva wenzake wa zamani, nao wamevaa suti, wakakaa mstari wa mbele. Nilimsikia akiwaambia, "Ni juu ya kazi. Mutaona."

Hata hapo ningeweza kumwambia, nikaenda kuwasha mashine ya picha.

Kicheko cha kwanza kilitoka gari lilipokataa kuwaka. Mzee aligeuka kuangalia nani amekosa adabu. Cha pili kilikuwa cha ukumbi mzima, kwenye foleni ya mafuta. Watu walikuwa wanapiga mapaja, wanaitana, "Ni sisi! Tazama, ni sisi!" Alitazama nyuma tena, halafu akatazama wenzake. Mmoja alikuwa anafuta machozi kwa tai. Mwingine alikuwa ameshika bega la mzee mwenyewe ili asianguke kwa kucheka. Mimi nilikuwa kando ya mashine, ninaona uso wake kwa mwanga wa picha. Haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeingia chumba ambacho alidhani ni chake akakuta kina watu wengine.

Yai lilipotagwa ukumbi ulilipuka. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akapita kando ya ukuta akiwa ameinamisha kichwa asizuie watu picha, akatoka. Nilimkimbilia. Nilipofika nje alikuwa ameshapanda basi la kwenda Musaga, amekaa dirishani, suti yake nyeusi katikati ya magunia ya mtu. Hakugeuza shingo.

Siku kumi hakupokea simu yangu. Simu ya binti yake alipokea, akaulizia afya, akakata. Mama mkwe ndiye aliyetupa habari, kwamba anakula vizuri, analala vizuri, lakini asubuhi havai tai tena. Mke wangu hakunigombeza hata mara moja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipika, akaweka chakula mezani, akasahihisha madaftari.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kwa fundi. Kwetu mtu akimkosea mkwe wake haendi peke yake, anakwenda na aliyemwozesha. Fundi alivaa kanzu, akanunua sukari, akamchukua na yule kuku. Nikamwuliza kuku wa nini. "Uyu naye ni mukosaji," alisema. "Aombe musamaha pamoja na sisi."

Tulimkuta mzee barazani, shati bila tai. Alipokea salamu zetu, akaonyesha viti. Juisi ikaletwa, tukainywa yote, kuku akitembeatembea chini ya meza. Mama mkwe na mke wangu walikuwa ndani nyuma ya pazia la mlango, na sote tulijua wako pale. Fundi akaanza maneno ya kushenga, marefu, yenye methali tatu. Mzee alimwinulia mkono.

"Fundi, we auna kosa. We uliumwa na tumbo." Akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana machoni kabisa. "Mi sikatazi watu kucheka. Lakini niambie, mukwe, kitu gani kilikuwa cha kuchekesha? Gari ilikataa kuwaka. Magari inakataa kuwaka. Watu wamepanga mustari ya mafuta. Mi nimepanga, na we umepanga. Karani anasema kesho. Nilifikiri munasema ukweli. Nikaita wenzangu, nikawaambia, mukwe wangu amepiga sinema ya ukweli juu ya watu kama sisi."

Nilisema tu, "Nilikosa, Baba. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Nilikuogopa."

Aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa hajamaliza. Alitazama barabara.

"Ile karatasi," alisema. "Mimi ilinipata. Nilifika kwa dirisha, mutoto wa juzi tu, anatafuna kalamu. Ananiambia, Muzee, leta cheti cha kuonyesha uko hai. Nikamuuliza, sasa mi ni nani? Ananiambia, apana, lazima karatasi. Nikamuuliza: mutoto wangu, kama mi nimekufa, uyu anaongea na we tangu asubui ni nani? Akafikiri. Kweli alifikiri! Halafu akasema, Muzee, sijui, kesho uulize shefu, mukubwa wangu. Nilirudi mara saba. Sikumwambia mutu, ata mama uyu."

Nilitazama miguu yangu. Halafu nyuma ya pazia kikatoka kitu kama kikohozi, kikafuatiwa na kingine, na mama mkwe akatoka amejifunika uso kwa khanga, mabega yanaruka.

"Ulimuuliza hivyo?" alisema. "Uyu anaongea na we ni nani? Ulimuuliza hivyo kweli?"

"Niliuliza," mzee alisema.

"Na akafikiri?"

"Akafikiri."

Mama mkwe alikaa chini kwenye ngazi, akashindwa kusema. Mzee alimtazama, akakaza mdomo. Nilidhani amekasirika. Kumbe mdomo ule ulikuwa unapigana na kitu, na ukashindwa. Kicheko chake kilitoka kidogokidogo, kwa kukwama, kama mashine ambayo haijawashwa siku nyingi. Mke wangu alitoka mbio kuona, maana, aliniambia baadaye, hakukumbuka kukisikia tangu akiwa msichana. Fundi naye akaachia chake chote, kuku akaruka ukutani.

Tulipotulia mzee alifuta miwani. "Ile maneno," aliniambia, "itie mule ndani ya sinema. Lakini mi mwenyewe niseme, na nijue ni ya kuchekesha."

Basi tukarudi gereji, tukapanga kreti zetu za soda upya. Na hapo nikajifunza jambo ambalo kazi ya arusi haikunifundisha. Mzee alipojua kwamba anachekesha, aliharibika kabisa. Alikonyeza kamera. Alitikisa nyusi. Alisema maneno yale kwa sauti ya mtu anayeuza dawa ya kunguni sokoni, na baada ya kusema alisubiri, akitutazama mmoja mmoja. Tulirudia mara kumi na nne. Mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia, fundi alinitupia macho, nikamtupia na mimi. Aliyetuokoa ni mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuona na amekaa juu ya tairi na kikapu chake.

"Baba watoto," alisema, "acha kuchekesha watu. We auko wa kuchekesha. Sema vile ulimuambia yule mutoto."

Mzee alifunga kifungo cha koti. Akavuta pumzi, akaweka mikono kwenye ukingo wa dirisha la kreti. Alipomtazama fundi sasa hakuwa anaona fundi.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "kama mi nimekufa, uyu anaongea na we tangu asubui ni nani?"

Hakuna aliyecheka pale gereji. Fundi mwenyewe alisahau maneno yake, akabaki anafikiri kwa kweli, mdomo wazi, na hicho ndicho kipande tulichokitumia.

Sinema ile ilizunguka mjini kwenye simu za watu, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, mpaka Gihosha na vilima vya juu. Wenzake wale watatu walikwenda Musaga kumtembelea, kila mmoja na kisa chake cha dirishani, wakataka wawekwe kwenye sinema ya pili. Alipokwenda tena ofisini kwa shughuli nyingine, karani yuleyule alimtambua, akasimama, akawaita wenzake, wakapiga naye picha. Halafu akamwambia arudi kesho. Mzee anakisimulia kisa hicho kwa kila mgeni siku hizi, wala hatikisi nyusi.

Kiangazi kilipoingia alianza kunijia Asiatique. Anapanda basi asubuhi, anakaa kwenye kiti kile cha mgeni, anatazama video zangu za arusi bila kusema kitu. Siku moja aliniambia nisimamishe picha. Ilikuwa msafara wa bibi arusi, dereva amefungua mlango kwa mkono mmoja huku mwingine unashika simu, na bibi arusi amegonga kichwa.

"Uyu amesoma wapi?" aliuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na arusi Gihosha, akasema tutakwenda pamoja. Alifika na tai. Kabla msafara haujaondoka aliwaita madereva wote, vijana sita wenye miwani ya jua, akawapanga kando ya gari la kwanza. Akawaonyesha mguu unakaa wapi, mlango unafunguliwa mpaka wapi, na jinsi mkono wa kushoto unavyowekwa chini ya ukingo wa paa ili kichwa cha mtu kisigonge chuma. Alirudia mara tatu. Kijana mmoja alitaka kucheka, mwenzake akamkanyaga.

Tulipofika, bibi arusi alishuka taratibu, kichwa kizima, gauni halikugusa vumbi, nami nikaipata yote kuanzia kiatu hadi shela. Mzee alikuwa amesogea pembeni, nje ya picha, mikono nyuma.

"Umeipata?" aliniuliza.

"Nimeipata, Baba."

"Aiko ya kurudia?"

"Haina haja, Baba."

"Basi ingia ndani," alisema. "Wataanza kula, na we bado umesimama apa kwa jua."